Jeska, Tonge la Ugali na Kamba wa Gizani

Jeska hajawahi kuiona bahari. Alikulia Tanzania, akarudi nchini kwetu na wazazi wake kulima Nyarusange, kisha akahamia Musinzira, Gitega mjini, akifundisha kwa kushikiza, bila ajira ya kudumu. Mumewe Fabiano, fundi pikipiki, na binti yao waliishi huku kwetu Muyinga. Kwa hiyo shule yetu ilipotafuta mwalimu wa biolojia, alikuja kufundisha somo la majaribio akijua kwamba akishindwa atapanda gari arudi Gitega peke yake.

Mimi, mwalimu wa hisabati, nilikaa nyuma na mkuu wa shule, mzee Leonardi, mtu asiyecheka ovyo. Somo lilikuwa chakula cha viumbe wa vilindi vya bahari. Nilimhurumia. Bahari na Muyinga wapi na wapi!

Alianza vizuri. Majani na magogo, alisema, husombwa na mito, hulowa, huzama mpaka chini kabisa jua lisikofika. Huko wapo viumbe wadogo, jamaa ya kamba, wanaokula mabaki hayo.

"Madame, muti si chakula," akadakia Nadia, mbishi wa darasa. "Banakulaka kuni namna gani?"

Jeska akafungua jani la mgomba. Ndani mlikuwa na ugali wa muhogo uliopoa. Akagawa tonge kwa kila mtu. "Tafuneni, msimeze upesi."

Hakuna aliyepeleka mkono mdomoni. Masikini, alisahau yuko wapi! Huku kwetu mtu mwenye adabu hali mbele za watu, sembuse mwanafunzi mbele ya mkuu wake.

"Madame," Leonardi akasema kwa sauti nzito, "kwetu mutu hakulake mbele ya batu."

Nikasema moyoni, huyu amekwisha. Jeska alilitazama tonge la mkuu, lililokuwa bado kwenye jani. Kisha akainua kichwa.

"Samahani, mkuu. Basi tugeuke. Kila mtu aangalie ukuta. Nawe mkuu, tafadhali, tonge lako hili hapa."

Ujasiri ule aliutoa wapi, sijui hadi leo. Wanafunzi wakageuka wakicheka chinichini. Mzee naye akaburuta kiti, akageuka. Tukatafuna kama mbuzi.

"Ugali huu hauna sukari," Jeska akasema nyuma yetu. "Endeleeni. Mate yenu yana vimeng'enya vinavyovunja wanga ukawa sukari. Kamba yule wa gizani anavyo vyake tumboni, vinavyovunja mti wenyewe."

"Iko sukari!" Ilikuwa sauti ya mkuu. "Mungu wangu, iko sukari kweli!"

Darasa likalipuka kwa vicheko. Nadia alipiga ukuta kwa kiganja akipaza sauti kwamba sasa ameelewa. Nilifurahi kana kwamba kazi napewa mimi.

Leonardi hakugeuka, kwa kuwa tonge lilikuwa bado mdomoni.

"Madame," akasema, "ambia Fabiano akuje kuchukua valizi yako ya nguo. Gitega haurudi tena."

Nyuma yetu tukamsikia Jeska akilia kwa furaha, nasi kwa adabu ileile hatukugeuka.