Jibu la Daktari Lenye Mhuri

Tohara haina athari yoyote juu ya operesheni ya kufunga mirija ya uzazi ya mwanamume. Kisu cha tohara kinagusa ngozi. Mirija iko mahali pengine. Mwanamume aliyefanyiwa operesheni hiyo hazalishi tena. Ndivyo alivyoandika daktari wa shamba moja la pareto huko Masisi, mwezi wa tatu mwaka 1954. Akatia sahihi, akagonga mhuri, akapuliza wino ukauke.

Aliyeuliza alikuwa Hilaire, kapita, yaani msimamizi, wa tanuri la kukaushia maua, mzaliwa wa msitu wa Walikale. Mkewe Verdiane, mtu wa milima ya Masisi, alipojifungua mtoto wa tano alitoka damu siku mbili, na daktari akasema wa sita atamuua. Kumpasua mama kulikuwa na hatari, basi wakapendekeza apasuliwe baba. Hilaire akakubali.

“Kapita, wamekuhasi kama mbuzi ya Noeli?” wakamtania wenzake tanurini.

“Mbuzi hawamuulizi,” akajibu. “Mimi waliniuliza.”

Daktari alimwambia asibebe magunia mpaka kidonda kikauke. Zaidi ya hapo hakusema kitu, na Hilaire hakuona haja ya kuuliza, maana mambo ya kisu aliyajua tangu ujana. Kule porini walikotahiriwa, wazee waliwafundisha kwamba kovu likikauka kisu kimemaliza kazi yake. Anayekawia kambini anajitilia shaka mwenyewe. Kidonda kikakauka. Akaoga, akarudi nyumbani kwa mkewe.

Baada ya miezi mitatu tumbo la Verdiane likasema.

“Hii mimba iko ya nani?”

“Iko yako, Papa Hilaire. Na watoto tano ndani ya nyumba, hiyo nafasi ya kutafuta mwengine ningeitoa wapi?”

“Mirija yangu walikata.”

“Basi uliza ule mwenye alikata.”

Kabla hajaenda, mjomba wake Albert akafika kutoka Walikale kwa miguu, na nyama ya kukausha mgongoni. Alisikiliza yote, akamfungulia mlango wa kutokea.

“Mwipwa wangu, kisu ya musitu ndiyo ilitangulia. Kisu ya muzungu ilifika nyuma, haiwezi kuipita. Mimba iko yako. Kula nyama.”

Hilaire angeupenda mlango huo. Lakini alikuwa amesoma kidogo, na mtu aliyesoma kidogo haamini jambo mpaka aone karatasi. Akaenda kwa daktari na kumuuliza kama tohara ya msituni inaweza kuharibu operesheni. Daktari alicheka kidogo, kisha akaandika. Alijibu swali aliloulizwa, na alilijibu sawasawa.

Hilaire alimsomea Verdiane ile barua mara mbili, mara ya pili pamoja na tarehe.

“Na hiyo karatasi inasema kuanzia lini?” Verdiane akauliza.

“Inasema hazalishi.”

Verdiane hakubishana na mhuri. Alimfunga kitinda mimba mgongoni, akapanda mlima kwenda kwa kaka zake. Hilaire alibaki mlangoni na barua mkononi, akimwona anapumzika kila baada ya hatua chache. Hakumwita.

Mwezi wa tisa Verdiane akajifungua. Daktari alikuwa amekadiria vizuri: mtoto alipona, mama hakupona. Kaka zake walipompeleka mtoto kubatizwa, mahali pa jina la baba waliacha wazi.

Mwaka 1956 akaja daktari mwingine, akabandika tangazo kwenye mlango wa zahanati. Hilaire alilisoma, kama alivyosoma kila kilichobandikwa. Mstari wa tatu ulisema kwamba baada ya operesheni mbegu zilizobaki mwilini hukawia kuisha, hivyo mume asimkaribie mkewe kwa miezi mitatu.

Hilaire alikuwa amerudi nyumbani siku ya kumi na nne.