Mtoto wa Jirani

Juzi hapo Nchiru niliona kibao kwenye geti la ploti ya vyumba vya kupanga: mtoto mmoja tu kwa kila chumba. Mama kijana alikuwa anakisoma, mtoto mmoja mgongoni, mwingine mkubwa ameshika rinda lake.

Kwetu sisi ilikuwa Karurumo, nikiwa mtoto. Baba yangu, Nyaga, ndiye aliyechagua ploti ya Mama Njura kwa sababu kodi ilikuwa rahisi, na ile sheria ya mtoto mmoja aliijua. Chumba kilinuka chokaa mbichi na mafuta ya taa. Mama alikuwa amembeba ndugu yangu mdogo.

"Na huyu mkubwa?" Mama Njura aliuliza.

"Huyo ni wa jirani," mama alisema, hata hakumeza mate. "Amenisindikiza tu."

Mimi nilicheka. Nilidhani ni mchezo, na mama hakuwa mtu wa kucheza nasi.

Mama Njura naye akacheka. "Kweli si wako. Wako angelia. Haya, kasichana, rudi kwenu."

Nikaondoka nikirukaruka, nikangoja nje ya geti mpaka harufu ya githeri yao ya mahindi na maharagwe ikanifikia. Baba akatoka, akanipeleka kwa nyanya.

"Ni mpaka Jumapili," alisema. Jumapili gani, hakusema. Nilikaa huko mpaka nikaolewa.

Pale Nchiru, mama yule alipokuwa akibisha geti, nilimvuta kando mtoto wake mkubwa. Nikamwambia, "Akisema wewe si wake, lia. Lia kabisa."