Jani la Isale la Kuazima

Leo nacheka, lakini siku ile niliposimama mikono mitupu mbele ya mzee niliyemkosea, na nusu ya kijiji chetu huku milimani juu ya mji wa Mkuu inanitazama, nilitamani ardhi ipasuke inimeze (na mnanijua, mimi si mtu wa kuinamisha kichwa).

Watu wa Sanya Juu walikuwa waje Jumapili kumposa binti yangu Doreen, nikasema haiwezekani wakute bustani yangu iko wazi kama uwanja wa mnada, lazima nijenge ukuta wa mawe, na hata kama ni msingi tu, wauone! Tena msingi niupange mwenyewe, fundi afuate tu. Nikapigilia vijiti, nikavuta kamba, ila kamba haikunyooka kwa sababu masale ya mpakani (ile mimea waliyopanda babu zetu kutenganisha vihamba, yaani mashamba ya ukoo) yalikwenda yakipinda. Fundi akauliza, "Mama Doreen, tuyafuate?" Nikamjibu, "Ukuta wangu upinde kama mkia wa ng'ombe? Ng'oa yote!" Yakang'olewa, yakachomwa pamoja na takataka za migomba, nami nikashika kiuno nikiutazama mtaro wangu wa msingi ulivyonyooka.

Yesu na Maria! Jirani yangu Mzee Lasaro alipotoka kukata majani ya ng'ombe akakuta mpaka hauna isale hata moja na mtaro umeingia kwake, alipiga yowe mpaka watu wakaacha kuchuma kahawa wakaja mbio. Na huyo ndiye aliyekuwa awe msemaji wetu Jumapili! "Tafuteni mwingine," akasema, "mimi siwezi kumsemea mtu anayekula kihamba changu." Doreen akaanza kulia pale pale.

Sasa kwetu ukimkosea mtu unampelekea jani la isale, akilipokea yamekwisha. Na yangu yote yalikuwa majivu! Yaliyokuwa karibu ni yale ya mlangoni kwake.

Nikamsogelea Mzee Lasaro. "Shikamoo, baba."

"Marahaba," akajibu bila kunitazama.

"Naomba jani moja la isale lako."

"La nini?"

"La kukuomba msamaha wewe."

Watu walicheka jamani, kuna mama alikaa chini kabisa. Mzee akajikaza asicheke, akashindwa, mabega yakaanza kutikisika, akaenda akachuma mwenyewe, akanipa, nami nikapiga magoti nikamrudishia kwa mikono miwili.

Jumapili alitusemea mpaka nikajiona malkia. Na ukuta sasa upo, imara, njooni muuone, hakuna kama huo huku kwetu: umepinda kila mpaka unapopinda, na kandokando nimepanda masale mapya, miche kanipa yeye. Nayamwagilia mwenyewe kila asubuhi. Naapa, sitakwenda tena kumwomba niliyemkosea anipe na jani la kumwomba msamaha.