Mawe ya Mviringo kwa Mama Mjane

Hakuna kitu cha kunishangaza tena. Ndivyo nilivyozoea kusema. Shule niliiacha darasa la tatu. Nimeuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, kwa beseni, nimesukuma baiskeli ya mizigo hadi Bujumbura na kurudi, na leo nina depo mbili za sementi hapa Uvira. Basi mwalimu wa binti yangu aliponiomba mchango wa biskuti na juisi kwa matembezi ya watoto, ya kutafuta mto wetu ulipita wapi zamani, nilicheka. Nikalipa, nikaenda nao, tena mbele. Nani angewaonyesha mji kunizidi?

Kazi yao ilikuwa kuokota mawe na kuuliza wakubwa. Mwalimu aliwafundisha kwamba jiwe la mlimani lina makali, bali lililosafiri ndani ya maji huwa laini kama yai. Tukatoka darajani, tukauacha mto nyuma, tukashuka kuelekea ziwani, mimi nikiwatajia kila ukuta uliojengwa kwa sementi yangu. Hawakusikiliza. Walikuwa wanatazama chini.

Ndipo tukaingia kwa mama mmoja mjane, muuza unga wa muhogo. Parseli yake, kiwanja alichojenga, nilimuuzia mimi mwenyewe miaka sita iliyopita.

"Patroni, karibu," akasema. "Leo umeniletea wajukuu."

Alikuwa anachimbisha choo. Watoto wakalivamia lile rundo la udongo. Mawe yote yalikuwa ya mviringo.

Binti yangu, wa miaka kumi, akabeba moja kwa mikono miwili. "Mwalimu, mto ilipitaka hapa."

Mama akacheka. "Mutoto, hapa kulikuwa udongo mwekundu tu. Uliza papa yako, ndiye aliniuzishia."

Udongo ule mwekundu niliumwaga mimi kabla ya kumuuzia, malori manne, baada ya kuchimba shimo la nguzo na kukuta mawe yale yale. Kila mchimba vyoo wa Uvira anajua maana yake: maji yalipita, na mvua ikizidi yatarudi.

"Papa, weye ulikuwa unajua?"

"Minye? Nani anajua mambo ya chini ya udongo?" Nikawaambia watoto biskuti zinangoja.

Mama hakucheka tena. Binti yangu hakula biskuti.

Nimeuza vibaya vitu vingi maishani na ninalala vizuri. Lakini jibu lile lingali linaniuma, maana mtoto aliniuliza mbele ya yule mama na nilikuwa na nafasi ya kusema. Jiwe binti yangu alilileta nyumbani, akaliweka juu ya meza tunapokula. Zamani alikuwa ananiuliza kila kitu, hata bei ya misumari. Akaanza kumuuliza mama yake.

Mvua za kwanza zilipoanguka akasimama mlangoni, akasema kama anayezungumza na mvua, "Yule mama iko na watoto wane."

Kesho yake nikaenda kwa yule mjane kuinunua tena parseli.

"Minye nimejenga, patroni," mama akasema. "Utalipa na nyumba. Na choo pia, hata kama haijaisha."

Mara ya kwanza maishani sikubishana bei. Jioni nikamwambia binti yangu: ndiyo, nilikuwa najua. Akaitika kwa kichwa tu. Jiwe bado liko mezani.

Parseli nilimuuzia dola elfu moja na mia mbili. Kuirudisha kulinigharimu dola elfu sita mia tatu na hamsini.