Wimbo wa Gemu Uliofika Harusini

Wiki mbili zilizopita nilikuwa saluni, hapa Bunda, upande mmoja wa kichwa umesukwa na mwingine umesimama kama kichaka. Kando yangu alikaa dada mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake, ameinamia simu, anacheza gemu. Mwanzoni sikujali. Kisha nikasikia nyuzi zinadonolewa, taratibu, halafu filimbi ikaingia, halafu ngoma ndogo kwa mbali. Zile gemu za ngome na majoka na watu wenye mapanga.

"Mdogo wangu," nikamwambia, "hebu ongeza sauti kidogo."

"Dada, ni muziki wa gemu tu huu."

"Najua. Ongeza."

Akaongeza, huku akinitazama kwa wasiwasi. Msusi akanishika kichwa kwa mikono miwili. "Tulia basi, mwalimu. Unachezacheza, mstari utaenda upande." Nikatulia. Lakini moyoni nilikuwa nimeshafika mbali, Musoma, Kigera, nikiwa na umri wa miaka kumi na moja na ufagio mkononi.

Wewe uliyekulia mjini miaka ile utakumbuka mabanda ya gemu. La kwetu lilikuwa la mama jirani, chumba kilichokuwa zamani duka lake la vitambaa. Ndani kulikuwa na televisheni tatu zenye migongo mikubwa, mabenchi, na pedi za kuchezea zilizofungwa kwa plasta baada ya kubamizwa chini na walioshindwa. Wavulana wa mtaa mzima walijaa humo kuanzia saa nne asubuhi, na wote walitaka mpira tu. Mpira, mpira, mpira, na matusi katikati.

Mimi nilikuwa nafagia. Mama yangu alikuwa anaanika dagaa ufukweni Mwigobero na aliondoka nyumbani alfajiri, kwa hiyo wakati wa likizo mama jirani ndiye aliyenitazama. Nilifagia maganda ya karanga, nikafuta vioo vya televisheni kwa kitambaa chenye maji, nikapanga viatu vilivyosahauliwa. Nikimaliza, kabla wavulana hawajaja, aliniruhusu kuwasha mashine moja. Kulikuwa na sidii moja ambayo hakuna aliyeitaka, kwa sababu haikuwa na mpira. Ilikuwa na ngome za mawe, misitu, na mtu mmoja aliyevaa chuma mwili mzima aliyetakiwa kwenda kumuua joka.

Yule mtu wangu hakwenda kokote. Safari yake ilianzia kwenye soko la kijiji, na pale sokoni walikuwepo watu watatu wakipiga muziki. Mmoja alikumbatia kitu chenye tumbo la mviringo na shingo ndefu. Mmoja alikuwa na filimbi. Wa tatu alizungusha mpini kwa mkono wa kulia, kama mama anayeshona kwa cherehani ya mkono, na kile chombo kikalia kama nyuki ndani ya mtungi. Nilimpeleka mtu wangu mbele yao, nikamsimamisha, nikaweka pedi chini, nikasikiliza. Asubuhi kwa asubuhi. Joka lilinisubiri mpaka likachoka.

Siku moja mama jirani aliingia na birika la chai akatazama kioo. "We binti, huyu mtu wako mbona haendagi popote?"

"Anasikiliza, mama."

Akacheka mpaka chai ikamwagika. Lakini hakunizuia. Kuna siku nilimkuta naye amekaa kwenye benchi, kanga imelegea begani, ametulia tuli mbele ya wale wapigaji watatu.

Halafu masika yakaja na radi zake. Unazijua radi za ziwani, zinazoanza kama mtu anayesogeza makabati mbinguni. Alasiri moja radi ilipiga nguzo ya umeme karibu na kwetu. Tulisikia mlio mmoja tu, kisha harufu ya plastiki iliyoungua. Televisheni zote tatu na mashine zote zikafa siku hiyo. Mama jirani alisimama mlangoni na mikono kichwani. Mimi, sijui kama nilimhurumia kama nilivyopaswa. Nilichowaza ni kwamba wale watu watatu wa sokoni wamekufa, na sina picha yao wala sauti yao. Nilirudi nyumbani nikiimba ule wimbo kwa pua, mwanzo mpaka mwisho, tena na tena, nisiusahau.

Likizo ya mwezi wa sita nikapelekwa Butiama kwa bibi. Ulikuwa msimu wa pamba. Tuliamka na baridi inayouma vidole, tukanywa uji wa mtama, tukaingia shambani na vikapu. Bibi alikuwa na sheria zake: pamba nyeupe huku, yenye uchafu kule, na atakayechanganya atachambua peke yake mpaka jioni. Mchana tulikula ugali na mlenda, au furu wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, niliowabeba kutoka Musoma, ambao bibi aliwafungua kwa heshima kana kwamba nimemletea ng'ombe. Muda wote huo nilikuwa naimba kwa pua.

Upande wa pili wa ua wa minyaa aliishi babu jirani. Zamani, bibi aliniambia, hakukuwa na harusi Butiama mpaka kule Nyegina bila yeye na ritungu lake. Ritungu ni kile chombo chetu chenye bakuli la mti lililovikwa ngozi, mikono miwili iliyosimama, na nyuzi nane nene zinazotoa sauti nzito inayoingia mpaka tumboni. Lakini kiharusi kilikuwa kimempiga miaka miwili nyuma. Mkono wa kushoto ulilala mapajani kama kitu alichoazimwa. Maneno yalimtoka kwa shida, na zaidi alinyamaza, akikaa kwenye kigoda chake akitazama barabara.

Kulikuwa na jambo jingine lililomlemea. Alikuwa na mabinti watano, na wanne alikuwa amewatoa kwa ritungu, akipiga mwenyewe, toka mlangoni mpaka njia panda. Wa mwisho, ambaye ndiye aliyekuwa akimpikia na kumwogesha, alikuwa na mchumba. Harusi ilikuwa imeahirishwa mara mbili. Kila wakija wazee wa upande wa bwana harusi, babu jirani alisema lile lile: "Simtoi mwanangu kimya." Wakamshauri akodi mpigaji mwingine, au redio yenye spika kubwa. Akageuza uso. Na binti, aliyekuwa ameshafikisha miaka thelathini, akaendelea kuchota maji.

Siku moja nilikuwa nachambua pamba karibu na ua, naimba wimbo wangu, mara nikasikia sauti ya mtu anayekwaruza maneno.

"We mtoto. Hiyo... nani kakufundisha?"

Nikasogea. "Shikamoo babu. Hakuna, babu. Ni ya kwenye gemu."

"Ya wapi?"

Nikashindwa kumweleza. Ungemwelezaje? Nikasema ni ya watu fulani wa sokoni, mbali sana. Akaniambia niimbe tena. Nikaimba. Akamwita binti yake, akaonyesha ukutani ndani, na binti akatoka na ritungu, vumbi limejaa kwenye ngozi. Alilishika kana kwamba anabeba mtoto mgonjwa. Babu akaliegemeza kifuani, akakaza nyuzi kwa mkono mmoja na meno, kisha kwa vidole vya kulia akaanza kuutafuta wimbo wangu. Akaupata! Nusu yake. Sauti za juu zilikuwepo, lakini chini kulikuwa kitupu, kwa sababu nyuzi za chini ni kazi ya mkono wa kushoto.

Akajaribu tena. Akaacha katikati. Binti yake akaingia jikoni haraka.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilikaa chini upande wake wa kushoto, nikanyoosha mkono, nikagusa uzi mnene kuliko wote. Ulilia mpaka kwenye mifupa yangu.

"Toa mkono!" Bibi alikuwa ameshafika kwenye ua, kikapu kichwani. "Mtoto wa kike hashikagi ritungu. Unataka watu waseme nini?"

Nikatoa mkono kama nimegusa moto. Babu jirani akamtazama bibi. Yalipotoka, maneno yake yalikuwa ya polepole, lakini kila moja lilikuwa zima.

"Basi asishike. Atakuwa mkono wangu tu."

Bibi akarekebisha kikapu, akaenda zake.

Kwa wiki tatu, kila nilipomaliza shambani, nilivuka ua. Babu alinipigia mwendo kwa mguu wa kulia ardhini. Nikikosea hakusema kitu, alisimamisha mguu tu, na kile kimya kilikuwa kibaya kuliko fimbo. Vidole vyangu vilivimba, vikapasuka, vikaota sugu. Tulifanya nyimbo zake mbili za zamani, lakini alioupenda ni ule wa gemu. Aliupunguza mwendo hapa, akaongeza mzunguko pale, akaupa kikohozi cha ritungu ambacho wale watu wa sokoni hawakukijua. Bibi alijifanya haoni. Mpaka siku moja akiwa anaanika mtama upande wake wa ua, akasema bila kugeuka, "Pale mwishoni unakimbia. Mngoje mwenzako."

Siku tatu baadaye babu jirani akatuma ujumbe kwa wakwe: waje.

Walikuja mchana, jua kali, wanawake wakiwa na vitenge vya sare na vyungu vya togwa kichwani. Binti alitoka mlangoni amefunikwa kanga. Babu alikuwa ameketi kwenye kigoda njiani, mimi chini kushotoni kwake, nimevaa gauni la kanisani. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi akatuona, akainua fimbo.

"Haya ni mambo gani? Tangu lini msichana akapiga ritungu mbele za watu?"

Nikatazama miguu yangu. Nikajua yameisha, harusi itaharibika kwa ajili yangu. Ndipo nikasikia sauti ya bibi, kali, ikitoka katikati ya wanawake.

"Nani kasema anapiga? Anayepiga ni yule mzee. Huyo mtoto ni mkono wake wa kushoto. Au mkono nao unaombewaga ruhusa?"

Kuna aliyecheka, kisha wengi. Mzee akashusha fimbo. Babu akapiga mguu chini, moja, mbili, tukaanza.

Mwanzoni nilikosea. Mguu haukusimama safari hii, ukaendelea kunisubiri, nikaudaka mwendo. Tulipofika kwenye ule wa gemu, wanawake wakaanza kusogea, mabega kwanza, halafu njuga miguuni. Bibi harusi akatoa kanga usoni akamtazama baba yake. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na babu jirani, kwa upande mmoja wa uso wake ambao ulikuwa bado unamtii, alikuwa anatabasamu.

Sasa sikiliza hili. Bibi mmoja mkongwe kutoka kwa wakwe alikuja mbele akicheza kwa magoti yaliyochoka, akapaza sauti: "Huu wimbo! Huu aliimbaga marehemu mama yangu akisaga mtama! Nilikuwa nimeusahau kabisa!"

Nikamtazama babu. Babu akanitazama. Tukaendelea kupiga.

Niliporudi Musoma nilimsimulia mama jirani. Alicheka tena kama siku ile ya birika, akanishika vidole vyenye sugu akavigeuzageuza. "Kumbe yule mtu wako alikuwa anasikiliza kweli," alisema. Hakununua mashine nyingine. Alirudi kwenye vitambaa, baadaye akahamia kwa wanawe, na chumba kile leo ni duka la vifaa vya simu. Babu jirani aliishi misimu miwili zaidi ya pamba. Kila likizo nilikuwa mkono wake, na alipofariki, binti yake alilifunga ritungu kwenye kitenge akaniletea mpaka Kigera, kwa miguu yake, bila maelezo mengi. Bibi naye amelala Butiama, kilimani. Ua wa minyaa umeng'olewa, umejengwa ukuta wa matofali. Mashamba mengi ya pamba yamekuwa viwanja, na harusi sasa zina spika zinazotikisa mabati. Nimeshakwenda pale nikasimama, nikashindwa kujua kigoda kilikuwa wapi hasa.

Lakini nikuambie ukweli, si kila kilichopotea ninakililia. Shuleni ninakofundisha nina kikundi cha ritungu, wasichana saba, na kila Ijumaa baada ya vipindi wanakaa chini wanaharibu nyuzi kwa furaha. Majuzi niliwaambia, wakati wa kupumzika, kwamba zamani msichana hakuruhusiwa kushika chombo hiki. Walicheka, wakidhani nawatania. Mmoja, yule mwenye maswali, akaweka mkono juu ya ngozi kunyamazisha nyuzi.

"Kwani madam, nani alikuwaga anakataza?"

Nikamfikiria bibi, na yule mzee wa fimbo, ambao wote waliishia kuachia, na zaidi ya hao sikukumbuka jina la mtu hata mmoja.