Ufagio na Saa Nne za Angani

Leo nimerudi kutoka Mwanza kumsindikiza binti yangu apande ndege, nikakuta nje kwangu hapa Nyamisangura kumefagiwa, hakuna hata jani. Mpangaji wangu, muuguzi aliyepangiwa kazi huku kutoka Tanga, alinipokea kwa furaha: "Shikamoo mama. Nimefagia mpaka barabarani." Nikaitikia marahaba, nikamshukuru. Angejuaje?

Kama umekulia kwetu, unajua. Msafiri akiondoka, hakufagiwi mpaka ipatikane habari kwamba amefika. Bibi aliyenilea Matongo alilishika hilo kuliko sala. Mjomba akienda Musoma tu, mavi ya mbuzi na maganda ya muhogo yanabaki yalipo, nasi tunakula ugali wa mtama na maziwa ya mgando katikati ya uchafu, inzi wakituimbia.

Halafu baba akapata kazi migodini Afrika Kusini. Mimi, mjuaji wa darasa la tano, nilimuuliza mwalimu ni mbali kiasi gani. Akaweka rula kwenye ramani, kutoka Mwanza hadi Johanesibagi: kilomita elfu mbili na mia saba hivi. Kwa ndege, akasema, haifiki saa nne.

Ndege ya baba iliondoka saa nne asubuhi. Saa nane mchana nikashika ufagio. Nilitaka bibi akirudi shamba akute kunapendeza. Alipofika aliweka jembe chini taratibu, akauliza nani kaniambia baba amefika. Nikasema mwalimu.

"Mwalimu amemwona?"

Kesho yake jirani alituletea simu yake. Baba alikuwa bado Dar es Salaam, amelala kwenye viti akingoja ndege ya pili. Saa nane ile nafagia, hata nusu ya safari alikuwa hajafika. Rula ya mwalimu haikuwa na mahali pa kungojea.

Alifika, akapiga simu kwa misimu miwili ya mvua, kisha akanyamaza. Hakurudi. Bibi hakunichapa. Siku moja tu, akisaga mtama, alisema, "Ulimfagia angali njiani." Kwa Kikurya neno hilo ni zito zaidi. Mimi ni mtu wa shule, siamini mambo hayo, na tangu siku ile sijayasahau.

Boma letu la Matongo sasa ni shimo la dhahabu. Bibi hayupo, na sijui nimuulize nani kosa hili linafutwaje.

Binti yangu naye amekwenda hukohuko alikokwenda babu yake asiyemjua. Asubuhi alinionyesha umbali kwenye simu, uleule, akacheka. "Nikifika nitakupigia, mama, hata viatu sijavua."

Simu inasema ndege imeshatua, sasa ni saa ya tatu tangu itue, na bado hajapiga. Bibi angeuliza kama simu imemwona. Mimi nawaza viatu tu.