Mkwe Nyuma ya Pazia

Mimi sina kifua cha kulazia mtoto. Nachomelea mageti na madirisha hapa Musoma tangu nimalize shule, na cheche zimenitoboa kifua chote, madoa kila mahali. Cheche ina akili mbaya, inatafuta pale kifungo kilipotoka. Kwa hiyo siku nesi wa chumba cha watoto njiti aliponiambia vua shati umpokee binti yako, kwanza niliona aibu ya madoa. Hofu ilikuja nilipomwona mtoto mwenyewe. Nisiseme uongo, nimewahi kununua samaki sato aliyemzidi uzito.

"Usimkamate kama chuma," nesi akasema.

"Chuma nakijua, dada. Huyu ndiye simjui."

Mama yake alifariki kabla hajamshika. Presha ilimpanda mimba ikiwa haijatimia, wakampasua kuokoa cha kuokoa, na aliyeokoka ni yule mdogo. Madaktari walihangaika mpaka jasho likawatoka, niliwaona kwa macho yangu. Sikuwa na mtu wa kumlaumu, na hilo nalo liliniudhi. Mtu wa hasira kama mimi anahitaji mtu wa kumlaumu.

Tulikwenda kumzika kwetu Butiama. Mtoto alibaki Musoma, ndani ya ile mashine ya joto, na ilitakiwa mtu wa kukaa naye. Aliyekaa ni mama mkwe wangu, mkulima wa Guta, kule Bunda. Wazee walimpigia simu wakamsihi, mama, huwezi kukosa kumzika mwanao wa kumzaa. Akawajibu: "Huyo aliyelala ana watu tele wa kumsindikiza. Huyu ana nani?" Akakata simu.

Na mimi niliyekwenda kuzika, sikuzika. Tangu msiba uingie sikutia kitu mdomoni. Walinibembeleza wee, nikawafokea, sahani nikaisukuma mchuzi ukamwagika. Basi jeneza linaanza kushuka, nikaanguka pale pale kwenye udongo wa kaburi. Wakanibeba kama gunia la mtama. Mke wangu alifukiwa na watu wengine huku mimi nimelazwa kivulini nanyweshwa maji ya sukari. Habari zilifika hospitali kabla yangu. Habari ya mwanaume kuanguka msibani haisubiri nauli.

Mtoto aliporuhusiwa kutoka, nesi alituita akatueleza. Huyu bado hajakomaa, msimlaze peke yake. Abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku, mpaka aongezeke. Maziwa ya kopo anyweshwe kwa kikombe kidogo, taratibu. Halafu akasema jambo ambalo sikulielewa: watoto hawa wakati mwingine wanasahau kupumua.

"Mtu anasahauje kupumua?" nikamuuliza.

"Ubongo wake bado mchanga, haujazoea hii kazi. Ukiona ametulia sana, mkune nyayo. Atakumbuka. Asipokumbuka, mpulizie na mkimbie huku."

Vilihitajika vifua viwili, maana kimoja lazima kiende karakana kutafuta hela ya maziwa. Mama yangu mzazi alishatangulia, dada zangu wameolewa mbali na kila mmoja ana mtoto wake mgongoni. Kifua cha pili kilikuwa cha mama mkwe. Hapo sasa ndipo palipokuwa na kazi.

Sisi mkwe ni mwiko. Mama wa mke wako humpi mkono, huli naye, huketi naye chumba kimoja. Ukimwona anakuja njiani unapinda kwenye majani kama umekumbuka kitu, na yeye anavuta kanga usoni. Kumwona bila nguo ya juu, hilo hata halisemwi. Sasa huyu nimpokee mtoto kutoka kifuani kwake nimweke kwangu? Nilimpigia baba Butiama. Baba ni mtu wa ng'ombe, haongei sana.

"Mkwe wako avue nguo nyumbani kwako? Wewe umerogwa?"

"Baba, mtoto anataka joto."

"Makaa yameisha huko mjini?"

"Makaa si mtu, baba."

Nikamsikia anamfokea ng'ombe mmoja. Kisha akasema, "Haya. Mbuzi wa kuondoa aibu nitamtoa mimi. Ila usimwone."

Siku ya kwanza tulijaribu kwa adabu zote. Mama mkwe alimlaza mtoto kitandani, akajifunika, akatokea mlango wa uani, ndipo mimi nikaingia. Upepo wa ziwa haujui adabu. Nilipofika vidole vya mtoto vilishakuwa vya bluu. Nilipiga ngumi ukutani kwa hasira. Kutoka uani nikasikia, "Acha kupiga nyumba, mkwe. Nyumba imekosa nini?"

Yeye ndiye aliyepata njia. Nyumba yenyewe ilikuwa chumba na sebule, na mlangoni katikati kulikuwa na pazia la maua ya zambarau ambalo marehemu alilinunua akabishana na muuzaji mpaka soko likasimama. Mama mkwe akakaa chumbani, mimi sebuleni. Zamu ikifika tunapiga magoti, kila mtu upande wake, anapitisha mtoto chini ya pazia, nampokea, naye anarudisha mikono haraka. Mtoto hata hakupata muda wa kuhisi baridi.

Kwa hiyo mama mkwe wangu nilimjua kwa mikono. Sugu za jembe, kucha moja iliyopasuka, kovu la kisu kwenye kidole gumba. Na sauti. Mimi namwita mama, yeye ananiita mkwe, na mtoto tunamwita bosi. Jina analo, ila silisemi hapa.

"Bosi ameamka?"

"Ameamka, ananidai. Na mimi hapa sina cha kumpa, maziwa yalikaukaga zamani." Halafu anacheka peke yake.

Majirani walinicheka pia. Nilipita na shati limevimba mbele, kanga imenikaza mgongoni, wananiuliza mimba ina miezi mingapi. Nikawajibu matusi siku za kwanza. Baadaye nikawa nawaambia karibuni mtachinja kuku. Nilikuwa nimeanza kufurahi, nikiri tu. Nilikuwa mjane, hata nyanya nilikuwa sijui bei yake, na bado ukiniwekea kile kitu kifuani kikajikunja chini ya kidevu changu, nilikuwa nafurahi.

Jioni tuliongea. Alinisimulia mke wangu alipokuwa mtoto kule Guta, jinsi alivyokuwaga mbishi, akitumwa kuni anauliza kwa nini si kaka. Nacheka. Halafu nasikia upande wa pili kimya, halafu kamasi zinavutwa. Na mimi nalia upande wangu, nimeuma kola ya shati. Hakuna aliyemwambia mwenzake nyamaza. Kila mtu alimwachia mwenzake pazia lake.

Bosi alisahau kupumua mara moja kwangu. Nilikuwa namsimulia habari za mteja mkorofi nikaona hanijibu hata kwa kujinyonganyonga. Nikamkuna nyayo kwa ukucha, nikamkuna tena, akashtuka akalia kwa hasira. "Hasira kanirithi mimi," nikasema. Tulikimbia naye hospitali, wakamtazama, wakaturudisha.

Ila alikuwa anaongezeka. Kliniki nesi alimpima akatabasamu, akasema bado kidogo huyu ataanza kulala kwake. Nikarudi karakana nikakusanya vipande vya mabomba vilivyobaki kwenye mageti ya watu, nikamtengenezea kitanda. Nilikipiga msasa kila kona mpaka kikawa laini. Siku nilipokimaliza nilifunga kazi mapema, nikakibeba begani mpaka nyumbani naimba.

Chakula kilikuwa kimefunikwa mezani kama siku zote.

"Mkwe, umerudi?" sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Nimerudi, mama. Shikamoo."

"Marahaba."

"Bosi amelala?"

"Ametulia."

"Basi ngoja ninawe masizi nimchukue, nitakula naye kifuani."

"Leo ukule kwanza."

"Ah, mama, si siku zote nakula naye?"

"Leo ukule kwanza, mkwe."

Nikacheka, nikasema leo umekuwa askari. Nikanawa nikakaa. Ulikuwa ugali wa udaga wa muhogo na sato wa mchuzi, na nilikuwa na njaa ya kubeba chuma. Nikala huku naongea. Nikamweleza habari za kitanda, kwamba bosi sasa analala kwenye chuma chake, na sisi tupumzishe vifua, na akikua nitamwongezea miguu. Yeye anaitikia tu, eeh, eeh.

"Umemaliza?" akauliza.

"Bado kichwa."

"Maliza na kichwa."

Nikakinyonya kichwa cha samaki mpaka mfupa wa mwisho. Nikanywa maji. Nikavua shati, nikapiga magoti. Mikono yake ikapita chini ya pazia taratibu kuliko siku zote, na mtoto juu yake, kofia kichwani, soksi miguuni. Nikamweka kifuani. Tumbo lake lilikuwa na moto. Nikampapasa mgongo, kama nilivyozoea, kumwambia nimefika.

Mgongo ulikuwa wa baridi. Ule moto wa tumboni ulikuwa wa bibi yake.

Nikavua soksi nikaanza kumkuna nyayo. "Mama, amesahau! Mama, amesahau tena!" Nakuna, nampulizia, nakuna.

"Mwanangu," akasema. Hakuwahi kuniita hivyo. "Acha. Nimemkuna mpaka kucha zikaniuma. Nimempulizia kama walivyotufundisha. Kabla sijajifunga kanga nitoke naye, alikuwa ameshaenda."

"Saa ngapi?"

"Kabla hujarudi kidogo."

Hapo hasira ikanipanda mpaka macho yakaona giza. "Na ukaniacha nikala? Ukaniacha nanyonya kichwa cha samaki, naongea upuuzi wa kitanda?"

"Nimekuacha, eeh. Wewe msiba ukikuingia huli, na usipokula unaanguka. Mama yake ulishindwa kumzika. Huyu lazima umzike wewe."

Nililivuta pazia kwa mkono mmoja, kamba ikakatika, likatuangukia. Alikuwa amekaa sakafuni, kanga iko kiunoni, na kati ya maziwa yake kulikuwa na alama nyekundu pale shavu la mtoto lilipokuwa limelala. Alikuwa mzee kuliko sauti yake. Hakujifunika, na mimi sikugeuka. Tulilia tunatazamana, mtoto katikati, mpaka majirani wakaja.

Tulimpeleka Butiama, alazwe pembeni ya mama yake. Kale kasanduku hakakuhitaji kamba wala watu. Nilishuka mwenyewe kaburini nikapokea, nikakaweka chini, nikakaweka sawa, nikapanda, nikashika koleo. Watu wawili walisimama nyuma yangu tayari kunidaka. Sikuanguka. Nilifukia mpaka mwisho, na toka ule ugali na sato sikuwa nimeonja kitu kingine.

Mama mkwe alikuja safari hii. Alisimama mbali, upande wa akina mama, kanga imefunika uso, mgongo umenielekea kama inavyotakiwa. Watu walipotawanyika nikamwona anasogea kwenye lile kaburi la pembeni, la mwanae, ambalo alikuwa hajawahi kuliona. Alikaa chini akagusa msalaba kwa ile mikono ninayoijua. Hakulia kwa sauti.

Baba alikuwa amemtoa mbuzi wake kama alivyoahidi. Hakuniuliza kama nilimwona mkwe wangu au sikumwona. Chakula kikapakuliwa, na akina mama wakaanza kunong'ona kwamba bibi wa marehemu amekataa kula, hajala tangu Musoma, anasukuma sahani. Nikasimama upande wa wanaume, nikajaza sahani mwenyewe, ugali na nyama nzuri ya mbuzi, nikamwita dada yangu mkubwa.

"Mpelekee mkwe wangu. Mwambie mwanae anasema ale kwanza. Halafu ndiyo alie."

Dada akaniangalia, akaondoka nayo. Mimi nikageukia upande mwingine, ukutani, nisimwone mkwe wangu akila. Dada alirudi baadaye sana. Kwenye sahani kulikuwa na mifupa tu.